Shokapu fupi kwa njia za miguu

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni kwa baiskeli. Kituo chetu ni Arusha. Siku nyingine tunakwenda Mto wa Mbu kwenye migomba na mashamba ya mpunga, siku nyingine Monduli kwenye vumbi, na mara nyingi tunabaki hapa hapa kwenye miteremko ya Mlima Meru, tukipanda kutoka Ilboru au Ngaramtoni hadi kwenye misitu ya kupandwa ya Olmotonyi. Mshahara si wa kujivunia, lakini kazi ina faida ambayo hakuna duka linaloitoa: baiskeli za watu wengi zimepita mikononi mwangu. Wapo wageni wanaokuja na baiskeli zao kwenye maboksi, na kabla ya safari lazima mtu aziunganishe, azijaze upepo, kisha azizungushe kidogo barabarani kuona kama gia zinaingia. Mtu huyo ni mimi. Ongeza na zile za kampuni niliyoanzia kazi, zilizokuja kwa kontena kutoka Ulaya, shokapu ndefu mbele na nyuma, kila moja imezidi kilo 15.

Kwa hiyo siku ya kununua yangu, kwa hela yangu, nilijua ninachokitaka. Nilitaka baiskeli nyepesi ya shokapu fupi. Wenzangu walishangaa. Kwao mantiki ilikuwa wazi: milima yetu ni mikubwa, mawe ni mengi, basi chukua shokapu ndefu kuliko zote ambazo hela yako inaweza kununua.

Nieleze kwanza urefu huo ni upi, maana wanunuzi wengi wanautaja bila kuuelewa. Shokapu hupimwa kwa kiasi inachoweza kuzama ikibanwa hadi mwisho. Baiskeli za mashindano ya nyika, zile zinazopanda na kushuka kwa kasi kwa saa moja na nusu, kwa kawaida huzama milimita 100 hadi 120. Za matembezi ya njia za msituni hufika 130 au 140. Kuanzia 150 kwenda juu unaingia kwenye baiskeli zilizotengenezwa kwa ajili ya kuteremka, ambapo kupanda ni adhabu tu ya kufika pale utakapoanzia kuteremka. Mimi nazungumzia kundi la 100 hadi 120, na kidogo zaidi mbele kwa anayetaka.

Sasa, njia zetu. Sehemu nyingi za Ulaya na Marekani njia ya baiskeli ya milimani hujengwa. Watu wanakwenda na majembe na mashine, wanainua kona upande wa nje ili tairi lishike, wanapanga mawe, wanatengeneza vilima vya kurukia. Pengine hata gari la kamba lipo la kukupandisha. Njia kama hizo zinazaa baiskeli zake. Njia ya Meru haikujengwa na mtu. Imechongwa na nyayo, na ng'ombe, na maji ya masika. Anayekwenda sokoni na mkungu wa ndizi kichwani hatafuti kona nzuri. Anakata mlima moja kwa moja kwa sababu ndiyo njia fupi. Ndiyo maana kupanda kwetu ni kukali na kwa muda mrefu, na katikati yake kuna mfereji wa maji wa kuvuka, mzizi wa mparachichi, geti la mtu, na korongo lililofumuka msimu uliopita.

Na kuteremka je? Hapo ndipo wageni wangu wengi hujifunza jambo ambalo hawakulitegemea. Huwezi kuteremka kwa kasi kwenye njia ambayo ni mlango wa nyumba za watu. Kila baada ya mita mia kuna mama, kuna mtoto na mbuzi, kuna mzee na fimbo yake. Unashika breki, unasema shikamoo mzee, unasubiri marahaba, unaulizwa unatoka wapi na hao ni akina nani, ndipo unaendelea. Mimi huwaambia wageni kabisa kabla hatujaondoka: hapa breki inashikwa zaidi kwa ajili ya shikamoo kuliko kwa ajili ya mawe. Shokapu ya milimita 160 inahitaji kasi ili ifanye kazi yake. Kasi hiyo hatuna, na tukiwa nayo ni utovu wa adabu.

Ndiyo hoja yangu yote kuhusu urefu. Mengine ni jinsi ya kuchagua ndani ya kundi hilo, na humo ndimo hela hupotea.

Nianze na uzito, maana wauzaji wanaupenda sana na wanaudanganyia watu. Chukua mfano wangu mwenyewe. Nina kilo 55. Maji, zana na sanduku la huduma ya kwanza ni kama kilo tano. Nikiwa na baiskeli ya kilo 15 na nusu, mlima unabebeshwa kilo 75 na kidogo. Nikiwa na ya kilo 12 na nusu, unabebeshwa 72 na kidogo. Kwenye kupanda kukali kwa mwendo wa polepole karibu nguvu zako zote zinakwenda kwenye kuinua uzito, kwa hiyo tofauti ya kilo tatu inanipa nafuu ya asilimia nne hivi. Mlima wa saa moja unapungua kwa dakika mbili na nusu. Hizo si dakika za kuuzia shamba. Kwa mtu wa kilo 90 nafuu yenyewe ni ndogo zaidi, na pengine angefanya vizuri kuanza na ugali.

Lakini saa haipimi kila kitu. Ile baiskeli ya kampuni niliichukia kwenye korongo. Unashuka, unaiweka begani, unapanda ukingo wa udongo unaomeguka, unaitupa ng'ambo, unarudi kumsaidia mgeni na ya kwake. Fanya hivyo asubuhi nzima. Au ipandishe juu ya Noah ya kukodi, ishushe, ipandishe tena. Hapo kilo tatu zinaonekana, na zinaonekana zaidi kwa mwanamke mfupi kama mimi kuliko kwa kijana wa futi sita. Kwa hiyo nikikwambia nunua nyepesi, ninafikiria bega lako zaidi ya muda wako.

Pia kuna uzito wa magurudumu, ambao watu huuzungumzia kama uchawi. Ukweli wake ni huu: uzito ulio ukingoni mwa gurudumu, yaani rimu na tairi, unahesabika karibu mara mbili unapoongeza mwendo, kwa sababu unausukuma mbele na kuuzungusha kwa wakati mmoja. Ukishakuwa kwenye mwendo mmoja unaopanda, hauna tofauti na uzito mwingine. Njia zetu za kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, zinaifanya tofauti hiyo ihisiwe. Nikiwa na hela ya kupunguza uzito mahali pamoja tu, naipeleka kwenye rimu. Siipeleki kwenye fremu ya kaboni. Na siipeleki kwenye tairi, ingawa tairi jepesi ndilo njia rahisi kuliko zote ya kumfurahisha mwenye mizani.

Tairi la mbio la inchi 29 linaweza kuwa na gramu 600 na kitu. Ni tamu kulipanda hadi lipasuke ubavu kwenye jiwe la volkano. Mawe ya Meru yana makali, na ubavu ukichanika hakuna dawa inayoziba. Ninatumia yenye ubavu mnene, gramu 800 hivi kila moja, upana wa inchi 2.4 mbele na 2.35 nyuma. Upana huo ni sehemu ya shokapu yako. Tairi pana lenye upepo mdogo humeza mawe madogo kabla hata foki, ile miguu ya mbele yenye shokapu, haijajua kuna nini, na kwa uzito wangu ninajaza 18 mbele na 20 nyuma kwa kipimo cha PSI. Fundi aliyezoea Phoenix za kubeba mkaa akilibonyeza tairi langu hukimbilia pampu. Nimeshamkatalia mpaka amechoka.

Upepo mdogo hivyo hauwezekani ukiwa na tyubu, kwa sababu tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu ipasuke. Sababu nyingine ya kuondoa tyubu inaitwa mbigiri. Anayeijua Monduli wakati wa kiangazi anaijua mbigiri: kijitunda kigumu chenye miiba inayoelekea kila upande, kwa hiyo kikianguka lazima mwiba mmoja utazame juu. Kundi la wageni lenye tyubu linaweza kumaliza asubuhi likiziba pancha chini ya mgunga. Ukiwa na tairi lisilo na tyubu na dawa ya pancha ndani, ile ya maji ya mpira, unang'oa mbigiri, unazungusha gurudumu, tundu linajiziba. Mwiba wa mgunga ni habari nyingine. Ule mrefu unahitaji kipande cha kuchomekea, na ninatembea navyo. Dawa yenyewe hukauka. Vitabu vya watengenezaji vinazungumzia miezi, lakini kwa joto na ukavu wa huku mimi naifungua kila mwezi kiangazi kizima kuangalia kama kuna kitu kinachocheza ndani. Msitumie ile nzito ya pikipiki, inaziba vali.

Vali nayo ina kisa chake. Baiskeli hizi nyingi huja na vali nyembamba ambayo pampu ya fundi wa barabarani haiikamati. Kuna kichwa kidogo cha shaba cha kufunga juu yake, bei yake ni sawa na soda, na bila hicho unaweza kukwama katikati ya mafundi kumi wenye pampu kumi. Mimi ninacho kwenye mkoba, kingine kwenye zipu ya jaketi, na kimoja nimempa fundi wangu wa Sakina akitundike ukutani.

Shokapu moja au mbili? Hapa nitawaudhi wenye baiskeli za bei. Kwa mtu anayeanza, mwenye hela ya wastani, anayepanda wikendi, nasema chukua shokapu ya mbele peke yake, milimita 120, na hela inayobaki iweke kwenye matairi na breki. Hakuna viungo vya kuchakaa nyuma, hakuna shokapu ya pili ya kufanyia huduma, na kwa bei ile ile unapata vifaa vizuri zaidi. Mto wa Mbu hadi ukingo wa Ziwa Manyara hautajuta hata kidogo.

Mimi nilichukua mbili, 120 mbele na 100 nyuma, kwa sababu ninakaa juu ya kiti siku nzima na kesho yake tena. Barabara za vumbi zikishapita malori zinakuwa rasta tupu, na rasta hizo zinaingia kiunoni. Sababu ya pili watu hawaiamini mpaka waijaribu: kwenye kupanda kwenye mawe yaliyolegea, shokapu ya nyuma hulibakiza tairi chini. Ya shokapu moja inarushwa, tairi linapoteza ardhi, pedeli inazunguka bure, unaweka mguu chini. Shokapu fupi ya nyuma inafanya kazi hiyo bila kunesanesa. Ile ndefu ya kampuni ilikuwa inazama kila nikikanyaga pedeli, na sehemu ya jasho langu ilikuwa inakwenda kuibonyeza hewa.

Hata wanaoshindana walichukua muda kukubali. Mbio za nyika za baiskeli za milimani ziliingia Olimpiki kule Atlanta mwaka 1996, na kwa miaka mingi wengi wa waliowania medali walipanda za shokapu moja kwa kuogopa uzito. London mwaka 2012, Jaroslav Kulhavý wa Czech alimpita Nino Schurter wa Uswisi kwenye dakika za mwisho kabisa, akiwa juu ya Specialized Epic yenye shokapu mbili na magurudumu ya inchi 29. Rio mwaka 2016 Schurter akachukua dhahabu, naye safari hii akiwa na shokapu mbili, Scott Spark. Wakati huo milimita 100 ndiyo ilikuwa kawaida ya mashindano. Leo Spark ya mashindano, na Epic iliyotoka mwaka 2024, zina 120 mbele na nyuma. Kuna waliokwenda upande mwingine: Trek walitoa Supercaliber mwaka 2019 yenye milimita 60 tu nyuma, kisha toleo la mwaka 2023 wakaongeza hadi 80. Kwa hiyo ukiona baiskeli nyepesi ya 120 usidhani ni mchezo wa wazee. Ndiyo inayopanda jukwaani.

Kilichobadilika zaidi kuliko milimita, kwa maoni yangu, ni mlalo wa foki. Baiskeli za nyika za zamani zilikuwa na foki iliyosimama karibu wima, digrii 70 au 71 kutoka ardhini. Zilipanda vizuri na kugeuka haraka, lakini kwenye mteremko mkali ulihisi usukani unataka kukupitisha juu yake. Za siku hizi zimelazwa hadi 68, 67, nyingine karibu na 66. Gurudumu la mbele linakaa mbali zaidi mbele yako, na ujasiri unakuja wenyewe. Nimewahi kuteremka njia moja ya juu ya Ngaramtoni asubuhi kwa baiskeli kuukuu ya mgeni na alasiri kwa mpya ya mwenzake, shokapu zote mbili zina urefu ule ule. Ya asubuhi niliburuta breki mpaka zikanuka. Ya alasiri niliiacha iende, kadiri shikamoo zilivyoruhusu. Kwa hiyo ukiangalia ya mtumba, tafuta digrii hizo kwenye mtandao wa mtengenezaji kabla hujauliza bei. Ya mwaka 2012 yenye rangi nzuri na ya mwaka 2021 iliyochubuka ni baiskeli mbili tofauti kabisa.

Watu wepesi na wafupi wana la ziada la kuangalia. Shokapu za upepo hutoka kiwandani zikiwa zimefikiriwa mtu wa kilo 75 au 80. Ukiipanda bila kuipima, haizami. Umenunua milimita 120 unatumia 70. Kaa juu ukiwa umevaa kila kitu, angalia imezama kiasi gani: robo ya urefu wake nyuma, na mbele pungufu kidogo ya hapo. Ikizama kidogo, punguza upepo. Ukishapunguza, fungua na kasi ya kurudi, la sivyo itakuwa inarudi polepole na kubaki chini ikigongwa mfululizo. Pampu yake ni maalumu, ndogo yenye saa ya kupimia upepo, maana shokapu ya nyuma inaweza kutaka zaidi ya PSI 100 kwenye chumba kidogo cha hewa na mashine ya kituo cha mafuta haifai kabisa. Mgeni mmoja wa Uholanzi aliniachia yake alipoondoka. Sijapata zawadi iliyonifaa zaidi.

Gia sitachelewa nazo. Nataka spoketi moja mbele na kumi na mbili nyuma, ya kumi na mbili ikiwa na meno 51 au 52. Mbele huja na 32 au 34. Nilibadilisha nikaweka 30. Kwa 30 mbele na 51 nyuma, ukizungusha pedeli mara sitini kwa dakika, gurudumu la inchi 29 linakwenda kilomita tano kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea. Ni kweli yule mama wa ndizi ananipita. Lakini ninafika juu nikiwa na pumzi ya kumjibu mgeni anayeuliza jina la mti.

Sasa lile ambalo majarida ya nje hayaliandiki, na mimi ningeliweka mbele ya uzito na mbele ya milimita: nani ataitengeneza, na kwa kifaa gani.

Chukua breki. Zote za maana siku hizi ni diski za mafuta. Lakini mafuta yapo ya aina mbili. Breki nyingine, kama za Shimano, zinatumia mafuta ya madini ambayo huku inabidi uagize au umwombe mgeni akuletee. Nyingine, kama nyingi za SRAM za miaka iliyopita, zinatumia DOT 4 au DOT 5.1, na DOT 4 ipo kwenye kila duka la spea za magari kuanzia Kijenge hadi Karatu. Mimi nilichagua za DOT kwa sababu hiyo tu. Kosa la kutisha ni kuyachanganya. Ukitia DOT kwenye breki ya mafuta ya madini, mipira ya ndani inavimba na breki imekufa. Soma kwenye kifuniko cha breki, halafu mwonyeshe fundi asome na yeye.

Beringi vivyo hivyo. Viungo vya shokapu ya nyuma vina beringi, wakati mwingine nane au zaidi, na vumbi la Monduli linaingia mpaka kwenye meno yako sembuse humo. Uzuri ni kwamba nyingi ni za kawaida zenye namba ubavuni. 6902 ni 6902 popote: milimita 15 ndani, 28 nje, unene 7. Fundi wangu alizitoa kwa soketi na boliti ndefu, akaenda na ile mbovu mfukoni kwenye duka la beringi za viwandani, akarudi nazo. Kwa upande wa beringi za katikati, pale pedeli zinapopita, nilikataa kabisa fremu za kugongelea. Nilitaka za kufunga kwa uzi, ambazo mtu yeyote mwenye spana yake anazifungua bila nyundo. Na sikio la kushikia gia nyuma, lile linalopinda ukianguka upande wa kulia, nilihakikisha ni la aina mpya inayoingiliana kati ya chapa nyingi, kisha nikanunua la akiba siku ile ile.

Foki inataka kufunguliwa sehemu ya chini, kusafishwa na kutiwa mafuta mapya kila baada ya saa 50 hivi za kupanda; ndivyo watengenezaji wengi wanavyosema, na kwenye vumbi letu la volkano, laini kama unga, sithubutu kuongeza. Baada ya kila safari nafuta miguu ya foki kwa kitambaa kikavu. Sipigi maji ya presha. Vijana wa kuosha magari wanaipenda sana kazi hiyo, na kila mara lazima niiwahi baiskeli kabla hawajaiwahi wao.

Niliipata mtumba, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Ni alumini. Mpya ya aina hii huko Ulaya huanzia euro elfu mbili na kitu, na kwa shilingi hiyo inakaribia bodaboda mbili mpya, kama jirani yangu asivyochoka kunikumbusha. Nilichokagua ni hiki: nilinyanyua baiskeli kwa kiti taratibu nikisikiliza kama nyuma kuna kulegea kabla tairi halijaacha ardhi, nilipitisha ukucha kwenye miguu ya foki kutafuta mkwaruzo, nilizungusha kila gurudumu nikitazama kama rimu inayumba, niliomba risiti. Ingekuwa ya kaboni ningepita na tochi chini ya fremu na kila penye kiungo, na ningegonga kwa sarafu kusikia kama sauti inabadilika mahali. Nguzo ya kiti ilikuwa ya kawaida. Nikaibadilisha baadaye kwa ile inayoshuka kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani, ikaniongezea karibu nusu kilo, na sijutii hata gramu moja. Mfupi akiwa kwenye mteremko mkali na kiti kimemkaa tumboni hajui raha ni nini.

Kuna mahali shokapu fupi huona cha mtema kuni, na sitaficha. Lushoto. Tulikwenda na kundi moja kutoka msitu wa Magamba, na baada ya siku za mvua udongo mwekundu wa Usambara ulikuwa umekaa juu ya mizizi iliyosimama kama ngazi. Mwenzangu mwenye milimita 150 alipita akiimba. Mimi nilishuka mara kadhaa na kuisukuma. Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa nafasi: tope lilijaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likagoma, na hilo halina uhusiano na shokapu. Wakati wa masika navua 2.35 ya nyuma naweka 2.25 yenye meno marefu yaliyoachana. Wapandaji wa Lushoto wanaokaa huko mwaka mzima wana haki ya kuchagua tofauti na mimi, na kama ningekuwa naishi kule ningeongeza foki hadi 130.

Kwa sasa rimu ya nyuma ina mbonyeo wa jiwe na inabidi nisuke gurudumu upya. Nataka rimu ya spoku 28, maana uzito wangu ni mdogo na nitapunguza gramu pale pale zinapohisiwa. Fundi anataka 32. Anasema, "Dada, wewe ni kilo 55, lakini ukichoka unampa mgeni wa kilo 110 aijaribu." Habu tuliyonayo, yaani kitovu cha gurudumu zinaposhikia spoku, ni ya matundu 32, kwa hiyo nikitaka 28 lazima ninunue na habu mpya. Hilo analijua, ndiyo maana hana haraka ya kubishana.